Kabla ya Kuandika Taifodi, Uliza Choo

Juzi nimegombana na kijana wa watu kwenye duka la dawa hapa Makorora, na mpaka sasa sijatulia. Nilikwenda kununua dawa yangu ya presha, nikamkuta jirani yangu kasimama pale na karatasi mkononi: taifodi. Mwezi wa Ramadhani alikuwa na taifodi. Mwezi wa Maulidi taifodi. Sasa tena taifodi. Nikamuuliza, "Una homa?" Hana. "Unakula?" Anakula, na pilau ya harusi ya Jumamosi aliila sahani nzima, nilimwona kwa macho yangu. "Sasa inakuuma wapi?" Akajishika chini ya kitovu, akasema tumbo linamsokota, akienda haja linapoa, kesho linarudi pale pale. Nikamgeukia kijana wa duka nikamwambia hii si taifodi hata kidogo. Akanijibu kwa adabu zake zote, "Bibi, kipimo kimesema."

Kipimo kimesema! Nilitoka pale kwa hasira, dawa yangu mwenyewe nikaisahau juu ya meza. Basi haya ninawaandikia nyinyi, matabibu vijana na wauguzi mnaoingia kazini sasa hivi mkiwa na makoti meupe yaliyopigwa pasi. Mkinipa shikamoo nitaitikia marahaba kwa moyo safi, lakini leo mtanisikiliza kwanza.

Mie ni tabibu mstaafu. Wazee wangu waliteremka kutoka milima ya Usambara kuja kukata mkonge, nikazaliwa kambini, nikabatizwa Kilutheri, nikasomea utabibu, na utu uzima wangu wote umeishia kwenye zahanati za Pangani na Tanga mjini nikiminya matumbo ya watu. Walikuwa wananiita Dokta. Wengine waliniita Bibi Tumbo tangu sijapata hata mjukuu mmoja, na sikuwahi kununa, maana matumbo ndiyo yaliyonilisha.

Tumbo ninalotaka kuwasimulia ni lile lisilo na kidonda. Mgonjwa anaumwa kweli. Linajaa, linasokota, linafunga choo wiki nzima au linamkimbiza msalani kila akinywa chai. Unapima damu, safi. Unapima choo, hakuna minyoo wala amiba. Unampeleka kwenye utrasaundi, wanaandika "gesi nyingi." Vitabuni lina majina marefu. Mie nimezoea kumwambia mgonjwa kwamba utumbo wake ni mzima kwa umbo, ila mwendo wake umeharibika na mishipa yake ya fahamu imekuwa myepesi kulia, kitu kidogo tu inapiga kelele. Watu wanaelewa. Kila mmoja ana ndugu wa namna hiyo nyumbani.

Sasa tazameni tunavyowafanya wagonjwa hawa. Nusu yetu tunawabandika taifodi, kwa kile kipimo cha kuchanganya matone ya damu na dawa kwenye kigae. Pwani hii, nani hajawahi kunywa maji mabaya? Damu inakumbuka vijidudu vya zamani, kipimo kinasoma kumbukumbu ile, na mtu anameza vidonge vikali vinavyozidi kumvuruga utumbo. Nusu ya pili tunamtazama mgonjwa machoni tunamwambia, "Huna kitu, mama. Ni mawazo tu." Neno hilo nikilisikia natamani kumpiga mtu kofi. Mama huyo hakulala kwa maumivu, kaacha watoto kwa jirani, kapanga foleni tangu alfajiri, halafu wewe mwenye stetoskopu shingoni unamwambia anaota? Atatoka hapo aende kwa yeyote atakayemwambia ana kitu, hata kama kitu chenyewe ni jini.

Aliyenifundisha kuyashika matumbo alikuwa Daktari Tayabu. Babu zake walitoka Bara Hindi kufanya biashara ya vitambaa, yeye akaenda kwenye udaktari, akawa na chumba chake cha kutibia Raskazone, kwenye moja ya zile nyumba za zamani zenye madirisha marefu. Siku za mapumziko yake alikuja kutufundisha sisi matabibu wachanga bila kuombwa. Kiswahili chake kilikuwa cha Tanga hasa, kilinishinda mie mtoto wa kambini. Kitu cha kwanza akiingia alikusanya kalamu zetu zote akazifungia mezani. "Mkishaandika, mmeacha kufikiri," alituambia. "Sugueni viganja vipate moto. Mgonjwa akishikwa tumbo na mkono wa baridi anakaza misuli, halafu mnasema ana uvimbe."

Siku moja alinitazama nikimhoji mzee aliyekuwa na tumbo la kujaa. Nikauliza kwa haraka kama mtu anayekimbia mvua, "Choo unapata vizuri?" Mzee akajibu, "Alhamdulillahi." Nikaenda swali lingine. Daktari Tayabu akanisimamisha.

"Umeelewa nini hapo?"

"Kwamba anapata choo vizuri."

"Umeelewa kwamba ana adabu," akasema. "Mtu wa pwani ukimuuliza habari za choo atakwambia njema, hata kama kimefunga tangu mwezi mwandamo. Usimuulize kama ni kizuri. Mpe mwenyewe maneno, achague." Akamgeukia mzee, akavuta kiti karibu mpaka magoti yanagusana. "Mzee wangu, kinatoka kama mavi ya mbuzi? Au kama gunzi la muhindi, kikavu, kinakukwaruza? Au kama ndizi mbivu, laini, imenyooka? Au ni uji tu?"

Sisi wanafunzi tulicheka. Mzee naye akacheka, akaziba mdomo kwa kofia yake, halafu akasema polepole, "Mbuzi, Daktari. Mbuzi tupu, na siku zenyewe za kuhesabu." Daktari Tayabu akatutazama. "Mnacheka, sawa. Akicheka mgonjwa, jueni atasema." Hapo ndipo nilipojifunza kazi, na hakuna mashine mliyoletewa mpaka leo iliyonifundisha kuliko siku ile.

Sasa niwape kisa chenyewe nilichokusudia kuwasimulia.

Ilikuwa karibu na kustaafu kwangu. Aliingia chumbani kwangu binti wa miaka ishirini hivi, jina lake Mwanaidi, mtu wa Ushongo, ameolewa hapa Makorora na fundi magari. Nyuma yake akaingia mama mkwe wake, Bi Zuhura, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya barabara. Binti akakaa kwenye kiti cha mgonjwa. Mkwe akakaa kwenye kiti kingine, akakishusha kilemba cha kanga yake mabegani, akaanza.

"Dokta, huyu mkamwana wangu tumbo lamsumbua tangu kaolewa. Mwanzo lilijaa, anatapika tapika, sie tukafurahi, tukasema mambo yameshajibu. Nikanunua na kanga. Kumbe hamna! Tukaambiwa taifodi, kameza dawa. Tukaambiwa vidonda, kameza dawa. Mie nikajua ni chango, nampa sanamaki kila Ijumaa, anaharisha siku mbili, halafu tumbo lajaa upya. Sasa huko tulikokwenda wamesema kidole tumbo. Alhamisi wampasua."

Akaweka picha za utrasaundi mezani. Nilizisoma. Gesi nyingi.

"Mwanaidi," nikasema, "maumivu yanaanzia wapi?"

"Yaanzia kitovuni," akajibu Bi Zuhura.

"Choo unapataje?"

"Chema tu, Dokta," akajibu Bi Zuhura. "Kwani mie simwoni?"

Binti alikuwa anatazama sakafu. Pembe ya kanga yake alikuwa ameikunja mpaka imekuwa kama kamba. Hapo nikaelewa kwamba katika safari zote hizo, kwa madaktari wote hao, binti huyu hajawahi kujibu swali hata moja kwa kinywa chake. Alipelekwa kama mtoto mchanga anavyopelekwa kliniki.

Mbinu hii ishikeni. Mkwe humfukuzi. Ukimfukuza, mgonjwa ndiye atakayelipa wakifika nyumbani. Nikamwambia Bi Zuhura, "Mama, nawe uso wako umevimba kidogo. Presha yako umeipima lini?" Akashtuka. Nikamwita nesi ampeleke chumba cha pili, ampime presha, na uzito, na asimharakishe. Presha yenyewe kweli ilikuwa juu, kwa hiyo hata uongo sikusema.

Mlango ulipofungwa nikasugua viganja, nikamlaza Mwanaidi kitandani. Tumbo limejaa kama mtungi, lakini laini. Upande wa kulia, huko wanakotaka kupasua, nikaminya, nikaachia ghafla, hakushtuka. Upande wa kushoto chini nikakuta vibonge vigumu vimepangana, vinahama chini ya vidole. Mtu yeyote aliyewahi kuweka mkono juu ya tumbo la namna hiyo hasahau. Nikamuuliza taratibu kwa maneno ya Daktari Tayabu. Mbuzi? Gunzi? Ndizi? Midomo ikamcheza, kisha machozi yakamtoka.

"Mbuzi," akasema. "Dokta, yapita hata Ijumaa kwa Ijumaa. Mpaka mama anipe sanamaki."

"Na kwenu Ushongo?"

"Kwetu kila siku. Kwetu msala uko nyuma kule, kwenye minazi, hakuna akuonaye."

"Na hapa?"

Akafunika uso kwa mikono. Ilichukua muda. Nikamwacha. Msiwe na haraka hapo, vijana, maana hapo ndipo ugonjwa ulipo.

"Pipa la maji liko mlangoni mwa uwani," akasema mwisho. "Na kopo liko juu ya pipa. Na baba mkwe kiti chake kiko hapo hapo. Akishakunywa kahawa yake asubuhi hatoki mpaka adhana ya adhuhuri. Nikishika kopo, ajua nakwendani. Nitashikaje kopo mbele ya baba mkwe, Dokta? Nikipita nikirudi anitazama. Akaa na wenziwe wa bao pia."

"Kwa hiyo unafanyaje?"

"Nangoja watoke. Wakitoka, haja imeshakwenda zake."

Mnaona? Hivyo tu. Haja ya mtu ina saa yake. Utumbo huamka ukipata kitu cha moto asubuhi, unasukuma, unaita mara moja, mara mbili. Ukiukatalia unanyamaza. Ukiukatalia kila siku kwa mwaka mzima, unasahau kuita, choo kinakauka humo ndani, gesi inajaa, mishipa inalia, na mtu anaumwa maumivu ya kweli kabisa. Halafu mara moja kwa wiki unaupiga mjeledi wa sanamaki. Utumbo gani utavumilia? Na binti huyu kwa sababu ya kopo la plastiki alikuwa Alhamisi anakwenda kufunguliwa tumbo.

Nikamuuliza kama naweza kumweleza mkwewe. Akanishika mkono kwa nguvu. "Mama mwambie, lakini taratibu. Baba asijue. Wallahi baba akijua mie narudi kwetu." Halafu akaongeza kwa sauti ya chini kwamba kurudi kwao kumeshaanza kutajwa. Mawifi wanasema mwaka umepita, tumbo limejaa upepo badala ya mtoto, na huyo mume atafutiwe mwingine kabla hajazeeka. Kwa hiyo lililokuwa mezani kwangu siku ile lilikuwa kisu cha Alhamisi na ndoa pamoja.

Nikapiga simu kule walikopanga kupasua, hospitali binafsi ambayo sitaitaja. Akapokea tabibu kijana, mtu mpole. Nikamwambia nina mgonjwa wake.

"Ulimshika tumbo?"

"Mama, utrasaundi ilionyesha upande wa kulia kuna gesi..."

"Sijauliza utrasaundi. Mkono wako uliuweka tumboni kwake?"

"Ni mke wa mtu," akasema. "Na mkwewe alikuwepo. Niliona si vizuri."

"Choo je? Ulimuuliza?"

"Mama mkwe alisema ni kizuri."

Nilimpandishia sauti mpaka nesi akafungua mlango kuona kuna nini. Yaani kumwuliza choo ni utovu wa adabu, lakini kumlaza uchi chini ya taa na kumkata kwa kisu ni adabu? Adabu gani hiyo? Kama unaona haya kumshika mgonjwa wa kike, muite nesi asimame naye, umfunike, umwombe ruhusa, ufanye kazi yako. Kijana yule aliniomba radhi na ile operesheni wakaifuta. Nasikia sasa hivi ni tabibu mzuri, na nafurahi, lakini kila nikikumbuka hasira inanipanda upya.

Mtaniuliza nilijuaje kwamba si kitu kibaya. Swali zuri, na jibu lake msilichezee. Nilitafuta alama za hatari kabla sijamtuliza. Hakuwa na damu chooni. Hakukonda, gauni la harusi bado lilimkaa vilevile. Hana homa. Damu haikupungua. Maumivu hayamwamshi akiwa usingizini. Ujauzito tulipima, hamna. Kwao hakuna aliyekufa kwa saratani ya utumbo. Nilivaa glavu nikampima na njia ya haja, nesi akiwa pembeni kamshika mkono, nikakuta choo kigumu na si uvimbe. Na kidole tumbo hakisubiri mwaka mzima, vijana. Kidole tumbo kinakulaza chini leo na kesho, na homa juu, na chakula hutaki kukiona.

Hapo ndipo nakumbuka mwalimu mmoja mstaafu, jirani yake Daktari Tayabu. Kavuka umri wa miaka hamsini, choo kimebadilika ghafla, kinatoka chembamba, na damu. Kila alipokwenda aliambiwa bawasiri, akapewa dawa ya kupaka, hakuna hata mmoja aliyevaa glavu. Alipofika kwangu suruali kaifunga kwa kamba. Nilimpeleka hospitali kubwa siku ile ile, wakakuta uvimbe umeshaenea. Tulimzika kabla ya masika. Uvivu ni ule ule mmoja: unamtisha mzima kwa magonjwa asiyokuwa nayo, na unamtuliza mgonjwa mpaka anakufa. Mikono mfukoni, kalamu mbele. Sisamehe.

Turudi kwa Bi Zuhura. Alirudi kutoka kupimwa kanywea kidogo kwa habari ya presha yake, na hapo nikampata. Nikamweleza kwamba utumbo wa mkamwana wake umelala kwa kuzuiliwa, kwamba hana chango wala kidole tumbo, na kizazi chake hakihusiki. Nikamwambia kuhusu kopo. Aliinua macho juu, akapiga kofi moja.

"Ati nini? Nimwambie mume wangu ahame kitini kwa sababu mke wa mwanawe ataka kwenda chooni? Dokta! Nitasemaje? Neno gani? Aibu hiyo naipeleka wapi?"

"Mficha uchi hazai, Bi Zuhura."

Methali ile ilimchoma, niliona. Mwanamke anayengoja mjukuu humwambii neno la kuzaa likapita hivi hivi. Lakini hakukubali. Na mie, nikitafakari, nikaona ana haki yake. Kuna mambo mwanamke wa nyumba ile hawezi kuyatamka mbele ya mzee yule, na ukimlazimisha unavunja nyumba. Basi nikamwambia, "Niletee mzee kesho. Mwambie nimeona presha yako, na nataka kuipima na yake."

Mzee Bakari alikuja na kofia ya vito na mkongojo. Presha yake ilikuwa juu kuliko ya mkewe, miguu imevimba kwa kukaa. Nilimpima kwa makini, nikampa dawa, kisha nikamwandikia matembezi. Kila asubuhi akishakunywa kahawa, atembee mpaka msikitini na kurudi, asikae kabla ya saa tatu. Na bao likachezewe baraza ya mbele, kwenye upepo wa bahari, maana uwani pana joto na joto linapandisha presha. Hilo la joto, nakiri, nililikazia kidogo. "Dokta akisema lazima, ni lazima," akasema mzee, akatoka kifua mbele. Tangu hapo alijivunia matembezi yake kwa kila aliyemsalimia. Mpaka alipofariki hakujua kwamba aliandikiwa dawa ya tumbo la mtu mwingine.

Mwanaidi naye nilimpa yake. Kwanza dawa ya maji ya kulainisha, kwa siku chache, kuondoa kilichorundikana. Sanamaki tukaiweka kando, na vile vidonge vyote vya taifodi na vidonda. Chai ya moto asubuhi, halafu msalani, kuna haja au hakuna, achuchumae na atulie, asisukume kwa nguvu. Maji ya kutosha. Dona badala ya sembe, papai, mchicha, na hayo aongeze kidogo kidogo, maana ukimpa mtu rundo la mboga siku moja gesi itamrusha. Kopo lake mwenyewe, la rangi yake, lilikaa humo humo msalani, na maji yaliwekwa mapema. Nikamwambia pia ukweli ambao wengi wenu mnauogopa: kwamba hatapona kwa siku moja, kwamba tumbo litarudi kuuma siku za fadhaa, na likirudi asidhani ni taifodi. Aje tuzungumze. Alikuja kila wiki, kisha kila mwezi. Tumbo likashuka. Siku ya mawifi kuja kumsema tena, mumewe aliwatoa nje, hilo nililisikia na nikalishangilia peke yangu jikoni. Siwaambii habari ya mtoto alipata lini, maana kila nikisimulia kisa hiki watu huniuliza mtoto kwanza, na mie nakasirika. Binti aliacha kuumwa. Hiyo haitoshi?

Miezi ikapita. Siku moja foleni imekwisha, nimeshavua koti, Bi Zuhura akaja peke yake. Nikajua presha. Nikauvuta ule mkanda wa kupimia, akautoa mkononi mwangu akauweka mezani. Akainuka, akaufunga mlango mwenyewe, akahakikisha umefungika. Ile sauti yake ya kuita watu ng'ambo ya barabara haikuwepo.

"Dokta, yale maneno uliyomwuliza mkamwana wangu. Ya mbuzi na gunzi. Kanisimulia."

"Enhe."

"Niulize na mie."

Nikakaa. Nikavuta kiti mpaka magoti yakagusana. Nikamuuliza.

"Mbuzi," akasema Bi Zuhura. "Tangu niingie nyumba ile. Mwanzo alikuwa yuakaa baba yake Bakari pale mlangoni. Alipokufa, akakaa Bakari. Watoto watano nimezaa, Dokta, wote hospitali. Nimepasuliwa mara mbili kwa tumbo hili, na sijui walitoa nini. Sanamaki ile sikumpa yule mtoto kwa ubaya. Nilimpa ninachokunywa."

Nilitaka kupiga kelele, lakini nani angesikia? Nikamuuliza kwa nini katika miaka yote hiyo, kwa madaktari wote hao, hakusema. Alinitazama kama mtu aliyesikia swali la kitoto.

"Mwanangu," akasema, ingawa tulikuwa karibu hirimu moja, "nani aliniuliza?"